Yatima Mwenye Mama

Kama ulikuwa askari wa Marekani mwaka 1944, uwe melini au kwenye hema la matope huko Italia, basi Sally Meredith ulimjua. Ndiye yule binti wa kaptula fupi aliyekalia robota la majani makavu, uma wa shamba mkononi, mguu mmoja umenyooshwa, anakutazama juu ya bega kana kwamba umechelewa chakula cha mchana. Chini ya picha waliandika: "Binti wa shamba, Pell Creek, Nebraska." Wanaume wazima walilala wakiitazama na kuamka wakiitazama. Wengine walimwandikia barua kumwomba awatunzie ng'ombe hadi vita viishe.

Ukweli ni kwamba Sally Meredith hakuwahi kumgusa ng'ombe. Jina lake ni Verona Hudak, na amezaliwa Hollywood hapa hapa, katika nyumba ya mbao iliyopakana na ukuta wa nyuma wa Studio ya Altamont, mahali ambapo asubuhi unanusa rangi ya mafundi kabla hujanusa kahawa. Baba yake alikuwa seremala wa studio. Alianguka kutoka kwenye mnara wa ngome ya mbao na karatasi, Verona akiwa na miaka sita, akafa pale pale. Mama yake, Bi Bozena, aliyetoka Slovakia akiwa msichana, akabaki katika chumba cha pasi. Alinyoosha magauni ya malkia, sare za majenerali na kanzu za mitume, yote kwa pasi ile ile.

Verona alifika kwenye picha hiyo kwa sababu ya chakula. Alikuwa na miaka kumi na minane, anampelekea mama yake mkate na soseji, mpiga picha mmoja akamwona akiruka robota lililoachwa na watu wa sinema ya wachunga ng'ombe. Wiki iliyofuata akawekwa mbele ya Bwana Harlan Pruitt wa idara ya matangazo. Pruitt alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na kazi yake ilikuwa kuwazaa watu upya.

"Umezaliwa wapi, binti?"

"Hapo nyuma ya ukuta."

"Hapana. Anayetoka hapa hatoki popote. Nani atakata tiketi kumtazama jirani?" Akafunua ramani, akatembeza kidole. "Pell Creek. Safi. Baba?"

"Alishafariki."

"Vizuri sana. Yaani, pole. Na mama?"

"Yupo chumba cha pasi, hapo chini. Fungua dirisha utamsikia akigombana na bomba la mvuke."

Pruitt akaweka kalamu chini. "Yule mama wa Kislovaki? Anayenitukana nikipeleka makoti yangu?" Akafikiri kidogo, akaiokota tena. "Hapana, binti. Yatima anapendeza zaidi. Wote wawili walikufa katika kimbunga cha mwaka 1931. Wewe walikukuta mzima ndani ya pipa la unga."

"Bwana Pruitt, mama yangu hajafa."

"Nani amesema mama yako amekufa? Aliyekufa ni mama wa Sally Meredith. Huyo wa kwako mwache apige pasi."

Hayo yalimchanganya Verona, na hakuona pa kuyashikia. Akatia sahihi. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, nao ulikuwa mkataba wa kwetu hasa: kila baada ya miezi sita studio inaweza kukutupa nje, lakini wewe huwezi kwenda popote.

Jioni alimweleza mama yake jikoni. Bi Bozena alikuwa anakata kabichi, hakuacha kukata.

"Nimekufa kwa nini?"

"Kimbunga, mama."

"Afadhali. Nilidhani wataniangusha kutoka kwenye karatasi kama baba yako." Akatia kabichi sufuriani. Kisha akageuka, kisu mkononi, akauliza neno moja tu ambalo kwake ndilo lilikuwa neno lenyewe. "Kwa muda gani?"

"Mpaka nipate jina. Nikishapata jina nitawaambia."

"Utawaambia wewe? Kwa mdomo wako, mbele ya watu, kwamba mama yako ni mimi?"

"Nitawaambia."

"Haya. Basi nife kwa sasa, Verunka. Niletee chumvi."

Ndivyo walivyoishi. Studioni walipishana uani: "Habari za asubuhi, Bi Meredith." "Nzuri, Bi Hudak." Mama akaipiga pasi ile kaptula maarufu mara mia, akaikunja, akaiweka pamoja na nguo za wengine. Nyumbani wakacheka mpaka wakajishika mbavu. "Marehemu anauliza kama unataka supu nyingine," Bi Bozena husema, na Verona hunyoosha bakuli. Barua za rambirambi zilikuja kwa magunia, nyingine kutoka kwa wajane wa Ohio, na mama alizisoma kwa kidole, neno kwa neno, akihesabu ni wangapi wamemlilia. Alisema hata kijijini kwao hakuna aliyewahi kuliliwa na watu wengi hivyo.

Sinema zenyewe zilikuwa kumi na moja. Katika saba Verona anapokea simu. Katika mbili ni msichana wa lifti, katika moja ni dada wa mchumba wa shujaa, na katika ile ya mwisho ameuawa kabla hujamaliza kukaa kitini. Jina kubwa halikuja. Kilichokuja kilikuwa picha. Watu walimsimamisha dukani na kumtazama miguu kwanza, kisha uso, kuhakikisha. Nao wakamwuliza kuhusu shamba, naye akajibu, kwa kuwa ndiyo kazi, na akajibu mara nyingi mno. Alikuwa na ng'ombe aitwaye Buttercup. Alikuwa na kisima. Siku moja Bi Bozena alimwuliza kama anaikumbuka siku aliyozikwa baba yake, na picha ya kwanza iliyomjia Verona ikawa pipa la unga. Alikaa kitako kitandani, akajishika kichwa. Alijua ni uongo. Lakini kwa nini alilikumbuka mpaka harufu yake?

Sasa, kwetu kuna Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya mwezi Mei. Siku hiyo kila mtu huvaa ua kifuani. Mama yako yu hai, unavaa jekundu. Amekufa, unavaa jeupe. Hata walevi wa mtaani kwetu hawakosei. Kila mwaka Altamont ilimpiga picha Sally Meredith na ua lake jeupe, macho chini, kwa ajili ya magazeti. Kila mwaka, akitoka, Verona alilichomoa uchochoroni na kuchomeka jekundu alilolinunua kwa muuza maua wa pembeni, ndipo akaingia nyumbani.

Mwaka wa tano alisahau. Akaingia jikoni na ua jeupe, anaimba, ana njaa. Bi Bozena alilitazama. Hakufoka, na angefoka ingekuwa heri. Alilichomoa mwenyewe, taratibu, asichane kitambaa, akaliweka mezani kati yao.

"Naanza kuchoka kufa, Verunka," akasema.

Verona alilia, akaapa, akambusu mikono. Lakini mwaka ule ulikuwa mbaya wa kusema kweli. Askari walikuwa wamerudi na kuoa, na wake zao walikuwa wamebandua yale mabango ukutani, nani angewalaumu? Hakuna studio inayomsikiliza binti ambaye picha yake imebanduliwa. Alisubiri miezi sita ya mkataba ipite, kisha mingine sita.

Masika ya 1950 Pruitt akaja na habari. Mwezi Juni studio ilikuwa inaamua juu ya Verona, na wakubwa walikuwa wameshakunja uso. Dawa ilikuwa moja: Sally Meredith arudi kwao, Pell Creek, Siku ya Mama, mbele ya kamera za filamu ya habari.

"Bwana Pruitt, huko kwetu hawanijui."

"Tumeshawaandikia. Wanakukumbuka sana."

Alidhani anatania. Hakuwa anatania. Treni iliposimama, mji mzima ulikuwa kituoni na bendi yake, na meya, Bwana Orville Tunks, alimkumbatia kwa machozi. "Umekua, mtoto wee! Mara ya mwisho nimekuona umekaa mabegani mwa baba yako!" Verona akatabasamu. Wakamlisha kuku na pai ya tufaha, kila mtu na pai yake, na kila mwenye pai alikuwa na kisa. Huyu alimfundisha kuogelea. Yule alimkimbiza akiiba matufaha. Mwalimu mzee, Bi Agatha Lund, alimshika mkono mpaka darasani, akamketisha kwenye dawati ambalo magoti yake hayakuingia.

"Hapa ndipo pako. Mtundu wewe! Ulikuwa unakula chaki."

Verona akacheka. Kisha kicheko kikamkauka, maana kweli alikuwa anakula chaki. Ila alikuwa anaila Hollywood. Au watoto wote hula chaki? Alimtazama yule bibi usoni akitafuta uongo, hata kidogo tu, asiuone. Bi Lund alimkumbuka kwa moyo safi. Hawa watu hawakuwa wanamdanganya yeye wala kamera. Walikuwa wamesoma habari zake miaka sita, wakazipa mahali. Kwa dakika nzima, akiwa amebanwa pale, Verona alijiuliza kama anayekosea si yeye.

Baada ya ibada wakampeleka makaburini, na huko ndiko alikokuta asilolitarajia. Palikuwa na jiwe jipya, jeusi, limeng'arishwa: Bwana na Bi Meredith, 1931.

Meya alimweleza, kofia mkononi. Kimbunga cha mwaka ule kilikuwa cha kweli. Kiliwaua watu tisa, na kati yao mwanamume na mwanamke waliokutwa njiani, hawatambuliki tena, wakazikwa bila jina. Miaka mingi mji uliona aibu. "Kisha tukasoma gazetini kuhusu wewe na pipa la unga, tukasema, Mungu mkubwa, kumbe ndio wao! Tukachanga sote. Hata watoto."

Pruitt mwenyewe alikuwa amepauka. Alifunua ramani tu siku ile na kuchagua jina tamu, hakujua habari ya kimbunga chochote. Lakini kamera ilikuwa inazunguka, naye hakuwa mtu wa kusimamisha kamera. Akampa Verona ua jeupe, akamsukuma kidogo mgongoni.

Verona alipiga magoti. Alikuwa amejiandaa kulia kwa kazi, kama anavyolia akiambiwa, lakini machozi yalitoka yenyewe na hayakutaka kukatika. Alikuwa anamlilia nani? Mwanamke wa watu asiyemjua? Mama yake, ambaye saa hiyo huenda alikuwa anamenya viazi? Hata leo hajui. Mpiga kamera alisema hajapata kuona kitu kizuri namna ile.

Watu walipotawanyika alibaki mwanamke mmoja wa makamo, Bi Edna Voss, mkulima wa mji wa jirani, ana ua mkononi naye.

"Nimekuja kukushukuru, binti."

"Mimi? Kwa lipi, mama?"

"Miaka kumi na tisa nilidhani aliyelala hapa ni dada yangu Ruth. Alikuwa anakuja kwangu wiki ile, na mumewe, hawakufika. Hakuna aliyeweza kuniambia ndiyo wala siyo. Kila Mei nilikuja kukaa naye hapa. Kumbe ni mama yako!" Uso wake ulikuwa unang'aa. "Basi Ruth hayumo. Basi huenda yu hai mahali fulani, labda amepoteza kumbukumbu. Nimeanza tena kuandikia hospitali. Umenirudishia dada yangu."

Verona akafungua mdomo. Alikuwa na sentensi yote kichwani, fupi, ya maneno manne. Pruitt alikuwa hatua tatu nyuma, bendi ilikuwa inapiga, mwanamke yule alikuwa amemshika mikono yote miwili.

"Ahsante, mama," akasema, na hakujua anashukuru nini.

Alijichukia njia nzima. Siku ya pili treni ikiwa jangwani, alikwenda kuketi mbele ya Pruitt. "Nitasema," akamwambia. "Mama yangu yu hai, anapiga pasi, na yule kaburini ni wa Edna Voss. Nikitupwa nitupwe. Nataka waandishi wote, na magazeti yafike mpaka kule."

Alitarajia ugomvi. Pruitt alitazama dirishani, akigonga kalamu kwenye goti.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi ni nzuri. Nitakuletea waandishi thelathini."

"Hukasiriki?"

"Kwa nini nikasirike? Mama na binti yake. Nani asiyependa mama na binti yake?"

Alishukuru, ingawa moyo haukutulia. Mtu aliyemwua mama yako kwa kalamu, mbona anamfufua kwa urahisi hivi?

Nyumbani Bi Bozena alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ukaenda kwenye nywele. "Jumamosi," akasema. "Mbele ya watu." Ijumaa akanunua kofia ya buluu yenye wavu mdogo, akapiga pasi gauni lake mwenyewe, na Verona hakukumbuka kama aliwahi kumwona akipiga pasi nguo yake kwa uangalifu ule. Alilirudia mara tatu.

Ningeweza kuwaacha hapo na ile kofia, na nyote mngelala vizuri. Ningeweza kuwasimulia ya baadaye, kwamba Altamont ilimtupa Verona mwaka 1951, miaka saba ilipokwisha, na kwamba sasa anauza viatu Glendale, na mteja akimwuliza habari za mama yake huuliza kwanza, "Yupi?" Lakini ya Jumamosi ndiyo yenyewe.

Waandishi walikuja kweli, thelathini, wakapewa kahawa na maandazi yenye tundu katikati, uani mbele ya chumba cha pasi. Wanawake wa mavazi walijaa madirishani. Verona alimshika mama yake mkono, akamtoa mbele. Miguu ile ya Sally Meredith, iliyotundikwa kwenye mahema ya nusu ya dunia, ikasogea hatua moja mbele yao.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Taa za kamera zikawaka. Watu wakapiga makofi, mwandishi mmoja mwanamke akatoa leso. Ilikuwa rahisi mno. Ndipo Verona alipoona kila mmoja ana karatasi mkononi, imeshachapwa, na Pruitt amesimama kando anagawa za mwisho. Alimpokonya mmoja akasoma: *Yatima wa Kimbunga Ajipatia Mama. Baada ya kulia juu ya kaburi la wazazi wake, nyota Sally Meredith amchagua mpiga pasi mjane kuwa mama yake wa pili.*

"Hapana," Verona akasema. "Hapana, ngojeni. Si wa pili. Ni mama yangu hasa. Amenizaa huyu."

"Jamani, anavyompenda!" akasema yule wa leso.

"Nawaambia kweli! Kule Pell Creek amelala mtu mwingine. Mimi sina mtu kule!"

"Kweli kabisa, mpenzi," mzee mmoja wa gazeti akamwambia kwa huruma, huku anaandika. "Huna mtu tena kule. Familia yako sasa iko hapa."

Kila alichosema walikipokea kwa tabasamu na kukiweka mahali pake kwenye hadithi, na palikuwa na mahali kwa kila neno. Akamgeukia Pruitt, na Pruitt, msije mkadhani alikuwa anamcheka, alikuwa na machozi machoni. Alikuwa ameiamini.

Kijana mmoja wa gazeti la asubuhi akamkaribia Bi Bozena na daftari. "Bi Hudak, inakuwaje kupata binti mkubwa na mzuri hivi, bila hata kuamka usiku kumnyonyesha?"

Bi Bozena alinyoosha mgongo. Alikuwa ameingoja siku hii miaka sita, na alijibu polepole, kwa lafudhi yake nzito, ili kila mtu asikie.

"Nilimwamkia. Na kabla ya hapo nilimzaa, kwa uchungu wa saa kumi na tisa. Alitoka miguu kwanza."

Kisha ua mzima ukapasuka kwa kicheko. "Miguu kwanza!" mmoja akapiga kelele. "Bila shaka miguu kwanza!" "Andikeni hiyo!" Pruitt alikuwa anafuta macho. Waandishi walishikana mabega, kamera zikawaka zote mara moja, na wale wanawake wa madirishani, waliomjua Bi Bozena miaka ishirini, walicheka hadi wakaegemeana.

Na Verona akacheka.

Hajui kwa nini. Amelifikiria jambo hilo mpaka leo na bado hajui. Labda ni kwa sababu taa ziliwaka, na taa zikiwaka uso wake huwa unajifanyia wenyewe. Labda kilikuwa kichekesho kweli. Alicheka kwa meno yote, kichwa nyuma, na alipokirudisha alikuta mama yake hawatazami waandishi wala Pruitt. Anamtazama yeye. Alikuwa bado ana midomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi.

Bi Bozena akauachia mkono wake. Akavua kofia, akaingia ndani, maana kulikuwa na kanzu arobaini za kunyooshwa kabla ya saa nane.

"Bi Meredith!" wapiga picha wakaita. "Moja ya mwisho, wewe na mama yako!"

Mvuke ulikuwa umeshaanza kutoka dirishani. Verona alisimama pale pale, akanyoosha mguu mmoja, akatazama juu ya bega, nao wakampiga picha peke yake.